Urefu wa Flo Hyman

Mwalimu wa michezo akiingia kidato cha kwanza muhula unapoanza, macho yake hayatui kwa wanaokaa mbele. Yanakwenda nyuma kabisa, kwa yule msichana aliyekunja mabega ili asionekane mrefu. Nimefundisha mpira wa wavu katika shule za wasichana za Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, na jicho hilo nalijua: ni la seremala aliyeuona mninga porini. Mtoto hajagusa mpira, sisi tumeshampa nafasi ya kusmashi upande wa kushoto. Tunasema ana nyota, ana kipaji, ataibeba shule kwenye mashindano ya UMISSETA. Lakini mwili unasema mengi, nasi huwa tunasikiliza yale tunayoyataka tu. Katika historia ya mchezo wetu hakuna mtu anayelionyesha jambo hilo wazi kuliko Flora Jean Hyman wa Marekani, ambaye dunia nzima ilimwita Flo.

Alizaliwa tarehe 31 Julai 1954, akakulia Inglewood, pembeni ya jiji la Los Angeles. Alikuwa wa pili katika watoto wanane. Baba alifanya kazi ya usafi katika shirika la reli, mama alikuwa na mgahawa wake mdogo. Wazazi wote wawili walikuwa warefu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa binti alipowapita wenzake darasani. Alipofika miaka 12 alikuwa na futi 6. Alipomaliza ukuaji wake alikuwa na futi 6 na inchi 5, yaani mita 1.96. Watoto walimtania jinsi watoto wanavyotania kila mahali, na mama yake akamwambia anyooshe mgongo, urefu si aibu. Kila mama wa msichana mrefu ninayemjua amewahi kuyasema maneno hayo.

Mpira aliuanzia kwenye mchanga. Kusini mwa California, wavu unasimikwa ufukweni na watu wanacheza wawili kwa wawili, na Flo alikwenda Santa Monica na dada yake wakawa wanashindana na watu wazima. Mchanga ni mwalimu mkali. Unaruka nusu ya unavyoruka kwenye sakafu, na kwa kuwa mko wawili tu, huwezi kusema mpira ule haukuwa wangu. Akacheza pia shuleni Morningside, kisha katika klabu ya mtaani iliyoitwa South Bay Spikers. Ukimwangalia hapo, mwishoni mwa shule ya sekondari, unaona kila dalili ambayo kocha anaitafuta: kimo, mikono mirefu, vidole virefu, na moyo wa kupenda mchezo.

Mchezo wenyewe haukubuniwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mwaka 1895, katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, William Morgan wa YMCA alikuwa na kundi la wafanyabiashara wa makamo ambao mpira wa kikapu uliwachosha na kuwaumiza. Akaukata ule mgusano wa miili kwa kuweka wavu katikati, urefu wa futi 6 na inchi 6 tu kutoka sakafuni. Wavu huo ungempita Hyman kwa inchi moja. Leo wavu wa wanawake uko mita 2.24, na historia yote ya mchezo huu unaweza kuisoma katika tofauti hiyo. Ulianza kama burudani ya watu wenye vitambi, ukaishia kuwa mashindano ya nani anafika juu zaidi ya mwenzake.

Sasa, dalili njema bila mlango wa kuingilia haifiki mbali, na huo mlango ndio sehemu ya habari hii ambayo wasimulizi huipita haraka. Msichana wa Marekani aliyemaliza shule mwaka 1970 akiwa na smashi ya kuvunja vidole hakuwa na pa kuipeleka. Takwimu za shule za sekondari za huko za mwaka wa masomo wa 1971 hadi 1972 zinaonyesha wasichana wasiofika laki tatu katika timu za michezo, wakati wavulana walizidi milioni tatu na nusu. Vyuoni, mvulana mwenye misuli alilipiwa ada, chakula na kitanda. Msichana alipewa fulana, akaambiwa aifue mwenyewe.

Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ambayo kifungu chake cha tisa kilikataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Kifungu hakitaji mpira hata mara moja. Waliokiandika walikuwa wanawaza nafasi za udaktari na uanasheria, kwa kuwa vyuo vingi viliwawekea wanawake idadi maalumu isiyovukwa. Lakini michezo ya chuo ni sehemu ya chuo, na hapo ndipo wasichana walipopata pa kushikia.

Kikwazo kingine kilitoka kwa wanawake wenyewe. Chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni, AIAW, kilikuwa kimekataza ufadhili kwa wachezaji wa kike. Viongozi wake walikuwa walimu wa elimu ya viungo wa kizazi cha zamani; waliona jinsi fedha ilivyoiharibu michezo ya wanaume, kwa wizi wa wachezaji na vyeti vya bandia, wakataka mabinti zao wabaki safi. Nia ilikuwa njema, ila usafi huo uliwagharimu wasichana wasio na ada. Mwaka 1973 wachezaji wa tenisi wa vyuo viwili vya Florida na walimu wao walikwenda mahakamani, na chama kikalegeza kanuni.

Mwaka mmoja baadaye, 1974, Chuo Kikuu cha Houston katika jimbo la Texas kilimpa Flo Hyman ufadhili wa michezo, naye akawa mwanamke wa kwanza kuupata chuoni hapo. Alikuwa amesoma mwaka mmoja El Camino, chuo cha karibu na kwao. Angezaliwa miaka mitatu tu mapema, tungekuwa tunazungumza habari ya mtu mwingine. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba kipaji hakifichiki. Kinafichika vizuri sana. Kilifichika Marekani kwa vizazi, na huku kwetu nimekiona kikiolewa kidato cha pili.

Houston alisoma hisabati na elimu ya viungo chini ya kocha Ruth Nelson. Wanaosimulia miaka hiyo husema hakuchukua fedha zote za ufadhili wake, ili kiasi kiwasaidie wenzake katika timu. Nimeona ukarimu wa namna hiyo kwa wachezaji waliokulia katika nyumba ya watoto wengi. Wanajua sahani moja inavyogawanywa. Alichaguliwa mara tatu katika kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima, na mwaka 1976 akatajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Kufikia hapo alikuwa ameshaitwa timu ya taifa, naye akaamua kuacha masomo kabla ya kumaliza. Alisema shule mtu anaweza kurudia hata uzeeni, ila ujana wa kuruka haurudi. Kama mwalimu naguna nikisikia hivyo. Kama kocha namwelewa.

Timu aliyoikuta haikuwa na jina. Wanawake wa Marekani walikuwa wamecheza Olimpiki ya 1964 kule Tokyo, ambapo mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza, na ile ya 1968. Baada ya hapo hawakufuzu tena. Mwaka 1975 akaja kocha Arie Selinger kutoka Israel, mzaliwa wa Poland ambaye utotoni alinusurika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitaka timu iishi pamoja na kufanya mazoezi mwaka mzima, jambo ambalo Wajapani walilifanya tangu miaka ya 1960 lakini Wamarekani waliliona kama jela. Kwa miaka mingi waliishi hivyo, Colorado Springs na baadaye Coto de Caza huko California. Hata kompyuta waliingiziwa: mtaalamu Gideon Ariel alipiga picha za miruko yao na kuhesabu pembe za magoti na mabega, wakati ambapo sisi huku tulikuwa tunapima kuruka kwa alama ya mkaa ukutani.

Hyman alikuwa na tatizo ambalo kila kocha wa wasichana warefu analijua. Aliiogopa sakafu. Mtu wa mita 1.96 akijirusha chini kuokoa mpira, safari ni ndefu. Angeweza kukaa juu akapiga tu, na wengi wangeridhika. Selinger hakuridhika. Akamfundisha kuanguka, kujiviringisha na kuinuka, mpaka yule aliyeonekana kazaliwa kwa ajili ya smashi akawa pia mchezaji wa nyuma. Ukipima mafanikio yake, usihesabu smashi peke yake, kwa sababu smashi ilikuwa ndani ya mifupa yake. Kuanguka alikununua kwa malengelenge.

Aliyempa mipira alikuwa Debbie Green, seta wa futi 5 na inchi 4. Napenda kuwatajia wasichana wafupi jina hilo, kwa maana aliingia timu ya taifa na watu wakidhani hafai kwa kimo, akawa miongoni mwa maseta bora duniani. Pembeni alikuwepo Rita Crockett, naye kutoka Houston, si mrefu sana ila aliruka kama aliyekanyaga kaa. Kikosi hicho kilishika nafasi ya tano katika michuano ya dunia ya 1978 kule Urusi ya Kisovieti, kikafuzu Olimpiki ya Moscow ya 1980. Miaka mitano ya malengelenge ilikuwa inakaribia kulipwa.

Hapo ndipo historia yao ilipogusana na yetu. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan, na Rais Carter akataka dunia iisusie Moscow. Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kutushawishi, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Kumtuma bondia kuzungumza na Mwalimu Nyerere kuhusu siasa za dunia kulichukuliwa kama dharau, Mwalimu hakumpokea. Ali akaulizwa swali ambalo hakuwa ameandaliwa jibu: Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika iliposusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu? Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika mgomo ule, na Filbert Bayi, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, alibaki nyumbani.

Basi Tanzania ikaenda Moscow, Marekani ikabaki. Bayi akachukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita mkoani Mara, akachukua fedha ya mita 5000. Kanda ya Ziwa tulishangilia redio kana kwamba inatusikia. Ni baadaye sana, nilipoanza kufuatilia maisha ya Hyman, nilipoona kwamba furaha yetu na huzuni yake zilitoka katika uamuzi uleule. Na kuna lingine: Nyambui naye alikuwa mwanafunzi wa Texas wakati huo, kule El Paso, akikimbilia chuo kwa ufadhili wa michezo. Jimbo moja, vyuo viwili, na utaratibu uleule wa kumlipia ada mtu kwa sababu ya miguu au mikono yake. Mmoja alikwenda Moscow kwa kuwa alitoka Tanzania, mwingine alikosa kwa kuwa alitoka Marekani.

Wengi katika nafasi ya Hyman wangeacha. Alikuwa anakaribia miaka 26, bila shahada, bila mshahara wa maana. Alibaki miaka minne mingine. Mwaka 1981, katika Kombe la Dunia kule Japani, alichaguliwa mpigaji bora na kuingia kikosi cha wachezaji sita bora wa dunia. Mwaka 1982 nchini Peru timu yake ilipata shaba ya dunia, nyuma ya China na wenyeji. Wale waliotabiri makubwa Inglewood walikuwa wamesema kweli, ila utabiri ulichukua miaka kumi kutimia.

Olimpiki ya 1984 ikaja nyumbani kwake. Mpira wa wavu ulichezwa Long Beach, mwendo mfupi wa gari kutoka Inglewood. Safari hii Wasovieti na Wacuba ndio waliosusia, kwa hiyo njia ilikuwa wazi kidogo. Katika makundi Marekani iliifunga China, na nusu fainali ikaichapa Peru. Tarehe 7 Agosti walikutana tena na China kwenye fainali. Enzi hizo timu ilipata pointi ikiwa tu yenyewe ndiyo iliyoanzisha mpira, na seti ilikuwa ya 15, hivyo pambano lingeweza kukaa palepale kwa dakika nyingi bila namba kubadilika ubaoni. Seti ya kwanza ikafika 14 kwa 14. Kocha wa China akamwingiza Hou Yuzhu kwa kazi moja tu, kupiga servisi. Akapiga, na China ikaondoka na 16 kwa 14. Baada ya hapo Wamarekani hawakusimama tena: 15 kwa 3, kisha 15 kwa 9. Lang Ping, mpigaji wa China aliyeitwa Nyundo ya Chuma, alikuwa moto usiku ule. Hyman alivaa fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo wanawake wa Marekani walikuwa wamewahi kuipata katika mchezo huo.

Mwaka huohuo mlango aliopitia ulianza kufungwa. Februari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya chuo cha Grove City, kwamba kifungu kile cha tisa kinaibana tu ile idara inayopokea fedha za serikali moja kwa moja. Idara za michezo nyingi hazipokei fedha hizo, kwa hiyo chuo kingeweza kufuta ufadhili wa wasichana bila kuvunja sheria. Hyman hakunyamaza. Alikwenda Washington akawa mmoja wa sura za kampeni ya kuirudishia sheria nguvu, pamoja na Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, na mwanaanga Sally Ride. Hili nalihesabu katika mafanikio yake kabla ya medali. Medali ilikuwa yake na wenzake kumi na mmoja. Mlango ulikuwa wa wasichana ambao hawajazaliwa.

Kisha akaenda Japani kucheza kwa malipo. Marekani haikuwa na ligi ya kumlisha; Japani ilikuwa nayo tangu zamani, na ilijengwa juu ya kampuni. Wale wasichana walioipa Japani dhahabu ya 1964 wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi cha Nichibo huko Kaizuka, wakimaliza kazi ya ofisini na kuingia uwanjani mpaka usiku wa manane. Huku kwetu mfumo huo tunaujua bila kufundishwa. Msichana wangu mzuri akimaliza shule, matumaini yake ni Magereza au Jeshi Stars, maana kule kuna ajira. Na jirani zetu wa Kenya waliijenga timu yao kwa Posta, Pipeline, Benki ya KCB na Magereza yao. Hyman aliajiriwa na Daiei, kampuni ya maduka makubwa. Aliisaidia kupanda mpaka daraja la juu, na mipango yake ilikuwa kurudi nyumbani msimu ukiisha.

Tarehe 24 Januari 1986, katika mji wa Matsue, Daiei ilikuwa inacheza na Hitachi. Kocha alimpumzisha. Alikaa benchi akiwapigia wenzake makelele ya kuwatia moyo, halafu akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Hakuinuka. Alikuwa na miaka 31.

Taarifa za kwanza zilisema ni shambulio la moyo. Familia haikuridhika, na mwili ulipofika California ukachunguzwa upya. Moyo ulikuwa mzima. Kilichopasuka ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, mahali padogo penye udhaifu. Chanzo kilikuwa ugonjwa wa Marfan, hali ya kuzaliwa nayo inayolegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Umepewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan, ambaye mwaka 1896 alieleza habari za mtoto wa kike wa miaka mitano mwenye miguu, mikono na vidole vyembamba virefu kupita kawaida. Humpata mtu mmoja kati ya 5000 hivi, wa rangi na nchi yoyote. Mshipa ule hupanuka polepole bila maumivu, mpaka siku unapochanika.

Na dalili zake ni zipi? Urefu mkubwa. Mikono ambayo ukiinyoosha pembeni inazidi kimo cha mwenye nayo. Vidole vinavyouzunguka mkono mwingine na kupishana. Macho yasiyoona mbali, kifua kilichobonyea au kuchomoza, mgongo uliopinda. Soma orodha hiyo kwa sauti mbele ya makocha, kisha uwaulize wanamtafuta nani. Kule Inglewood, Houston, Colorado, kila aliyemwona Hyman alimwona vizuri. Waliipima mikono yake na kufurahi. Kompyuta ilihesabu pembe za viungo vyake vyote. Lakini kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ingawa mashine zilikuwepo, hakukuwa desturi ya mtu anayeruka vile. Nani ampeleke hospitali mwenye afya kuliko wote?

Onyo lilikuwepo. Mwaka 1976 Chris Patton, mchezaji mrefu wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, alifariki kwa ugonjwa huohuo. Habari ikabaki kwa madaktari na kwa watu wa Maryland. Ilichukua kifo cha mwanamke aliyejulikana dunia nzima ili neno hilo lifike viwanjani. Matunda ya kwanza yalionekana ndani ya nyumba yao wenyewe: ndugu zake walipimwa, mmoja wao akakutwa na mshipa uliopanuka vilevile, akafanyiwa upasuaji na kupona.

Vyuo navyo vilianza kubadilika. Mwaka 2014 Isaiah Austin wa Chuo Kikuu cha Baylor, hukohuko Texas, alikuwa amebakiza siku chache aingie soko la ligi kubwa ya kikapu, NBA, alipoambiwa ana Marfan. Alilia mbele ya kamera. Lakini alilia akiwa hai, na hiyo ndiyo tofauti ambayo miaka 28 ilileta.

Sheria aliyoipigania ilirudishiwa nguvu Machi 1988, Bunge la Marekani lilipoipitisha juu ya kura ya turufu ya Rais Reagan. Mwaka huohuo jina lake likaingia katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa wavu, palepale Holyoke ambapo Morgan aliufunga wavu wake mfupi. Tangu 1987 Marekani ina siku ya kila mwaka ya wasichana na wanawake katika michezo, iliyoanzishwa kwa kumkumbuka. Dhahabu yenyewe ya Olimpiki ilisubiri mpaka Agosti 2021 kule Tokyo, kwa kikosi cha wanawake waliopita vyuoni. Katika mashindano hayo Kenya ilikuwepo, Malkia Strikers, wasichana wa zile timu za benki na magereza. Hawakushinda mechi, lakini walikuwa uwanjani, na mimi niliwaangalia kwa wivu wa jirani.

Nilipojifunza ualimu tulifundishwa kumpima mchezaji kwa njia rahisi. Asimame, anyooshe mkono juu, weka alama kwa chaki. Anyooshe mikono pembeni, weka alama nyingine. Mikono ikizidi kimo, andika nyota. Vipimo hivyo bado ni vizuri, na sina mpango wa kuvitupa. Wavu tulikuwa tunaushona wenyewe kwa nyavu za wavuvi, sembuse kutafuta kompyuta. Ninachowaambia walimu vijana ni kwamba namba zilezile zina safu mbili. Moja ni ya kocha. Ya pili ni ya daktari: mikono ikizidi kimo kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, na vidole vikapishana kwenye kifundo cha mkono, na kama ana miwani minene au ndugu aliyeanguka ghafla akafa, basi huyo anahitaji kipimo cha moyo. Hospitali ya Bugando wanacho. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanacho. Wengi watarudi wakiwa wazima kabisa, maana warefu wengi ni warefu tu, na hapo mazoezi yataendelea bila hofu.

Huniuliza pia waanzie wapi kumkuza mchezaji wa namna hiyo wakimpata: kuruka, kupiga, au kuanguka. Nawajibu waanze na barua mbili, moja ya wazazi kuomba asitolewe shule, nyingine ya hospitali. Jina lake kwenye orodha ya timu liandikwe baada ya hizo mbili kujibiwa.